Kabla ya Kununua Samaki, Pima Chakula Chao

Mgeni akiona tangi la samaki lililounganishwa na kitalu cha mboga kisicho na udongo, swali la kwanza huwa lilelile: humu kuna samaki wangapi? Maelekezo mengi ya akwaponiki nayo huanzia hapohapo, samaki kadhaa kwa lita kadhaa, miche kadhaa kwa kila samaki. Siku hizi nikiulizwa hivyo ninataja gramu za chakula ninachowapa kwa siku, na wengi hunitazama kama mtu anayekwepa swali. Lakini idadi ya samaki haisemi kitu. Samaki kumi wenye urefu wa kidole na samaki kumi wa nusu kilo ni mifumo miwili tofauti kabisa, hata kama tangi ni lilelile. Ukijua gramu za chakula unaweza kukadiria amonia itakayotoka, hewa itakayohitajika, ukubwa wa kitalu, hata kasi ya kushuka kwa pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi).

Nitafika huko. Kwanza niseme jambo ambalo wapenzi wa samaki hawapendi kulisikia: kama ndiyo unaanza, achana na samaki kwa sasa. Anza na ndoo.

Haidroponiki ni kukuza mimea bila udongo, mizizi ikiwa ndani ya maji yaliyotiwa mbolea, au ndani ya kokoto, pumba za nazi au kitu kingine cha kuishikilia tu. Akwaponiki ni mfumo huohuo, ila mbolea yake inatoka kwenye tangi la samaki. Mmea wenyewe haujui tofauti. Unavuta nitrati, potasiamu, kalisi na madini mengine yakiwa yameyeyuka, na hauulizi yametoka kwenye mfuko au kwenye samaki. Tofauti iko kwenye mlango wa kuingilia: upande mmoja madini yanaingia kwa kijiko, upande mwingine yanaingia kwa konzi ya chakula cha samaki. Mlango wa kijiko ni rahisi zaidi kujifunzia, kwa sababu ukiukosea, kinachokufa ni letasi.

Ndoo ya lita 20 inatosha. Iwe na kifuniko, na isipenyeze mwanga, maana mwanga ukikutana na mbolea ndani ya maji unapata mwani wa kijani kabla hujapata mboga. Ndoo nyeupe ipake rangi nyeusi kisha nyeupe juu yake, au ifunge kwa kitu kizito. Toboa kifuniko matundu manne, weka vikombe vyenye vitundu pembeni na chini, panda humo miche ya letasi, jaza maji ya mbolea mpaka yaguse kitako cha vikombe, kisha uiache. Hakuna pampu wala umeme. Njia hii inajulikana kwa jina la Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, aliyeifanyia kazi na kuiandikia kwa muda mrefu. Letasi moja huhitaji lita 4 hivi kutoka kupandwa hadi kuvunwa, kwa hiyo ndoo moja inabeba mimea minne bila kuongezwa maji.

Mmea unakunywa, maji yanashuka, na kati ya kifuniko na maji panabaki nafasi ya hewa inayokua siku hadi siku. Nafasi hiyo ndiyo siri yote. Ukifika katikati ya msimu, inua kifuniko taratibu utazame mizizi. Utaona aina mbili kwenye mmea mmoja. Ile ya chini, iliyozama, ni mirefu, laini na inateleza. Ile ya juu, inayoning'inia kwenye hewa yenye unyevu, ni mifupi, imegawanyika sana, na imefunikwa na vinyweleo vyeupe vinavyofanana na ukungu mwepesi. Ya chini inaleta maji na madini, ya juu inaleta oksijeni. Sasa fikiria mtu mwenye huruma anayeona maji yamepungua nusu na kuijaza ndoo tena hadi juu. Amezamisha mizizi ya kupumulia, na mmea unaweza kunyauka ukiwa umesimama ndani ya maji. Kama maji yanakwisha kabla ya mavuno, ongeza kidogo, usiifute ile nafasi.

Mizizi yenye afya ni myeupe au rangi ya maziwa, na haina harufu mbaya. Ikiwa kahawia, ikivutika kama uzi uliooza na kunuka kama mtaro, ni uozo wa mizizi, mara nyingi wa vimelea vya Pythium, ambao hupenda maji yenye joto yaliyokosa hewa. Kivuli juu ya ndoo husaidia kuliko dawa yoyote niliyowahi kusikia ikisifiwa.

Mbolea ya haidroponiki huuzwa mara nyingi katika sehemu mbili, A na B, na anayeanza hujiuliza kwa nini asichanganye zote kwenye chupa moja akamaliza kazi. Sababu ni kalisi. Sehemu moja ina nitrati ya kalisi, nyingine ina salfeti na fosfeti. Zikikutana zikiwa nzito, kalisi hushikana na salfeti na kuwa jasi, hushikana na fosfeti vilevile, na unaona masimbi meupe yanatua chini ya chupa. Masimbi hayo ni chakula cha mmea kilichogeuka jiwe. Mzizi hauwezi kukivuta tena. Weka A kwenye ndoo iliyojaa maji, koroga, ndipo uweke B.

Vipimo viwili vinatosha hapa. Cha kwanza ni pH, ambayo kwa haidroponiki huwa nzuri kati ya 5.5 na 6.5. Cha pili ni kipima chumvi, kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Letasi hutosheka kwenye milisimensi 0.8 hadi 1.2 kwa sentimita, wakati nyanya inayozaa huhitaji 2 au zaidi. Kipima chumvi kinakwambia jumla tu, hakikwambii ni chumvi zipi. Maji yenye chumvi ya mezani yatakupa namba nzuri sana.

Kuhusu ahadi za mavuno ya ajabu, kuna historia inayofaa kukumbukwa. Katika miaka ya 1930, William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuza nyanya kwenye maji ya madini nyuma ya nyumba yake, mashina yake yakapanda hadi futi 25. Picha zilisambaa, watu wakaamini kilimo cha udongo kimefikia mwisho. Chuo kikawapa watafiti wake wengine wawili, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, kazi ya kuchunguza. Ripoti yao ya mwaka 1938 ilizima shauku hiyo: mavuno ya kwenye maji hayakuwa bora kuliko ya udongo mzuri uliotunzwa vizuri, kwa sababu mwanga na hali ya hewa huubana mmea kabla mbolea haijaubana. Mchanganyiko wa madini waliouandika bado unatumika maabara duniani kote. Ninaitaja hadithi hii kila nikiona mtu anatangaza kwamba mboga za maji zinazaa mara kumi. Kama una udongo mzuri na maji ya kutosha, lima udongo. Mfumo wa maji una faida yake pale ambapo udongo ni mbovu, sehemu ni ya saruji, au maji ni ya kuhesabu, kwa kuwa yanayopotea ni yale tu ya mvuke, ya mmea wenyewe na ya kusafishia uchafu. Na pia pale ambapo mtu anaupenda, sababu ambayo mimi naiona halali kabisa.

Ndoo ikishakuzoesha kusoma majani na mizizi, sasa samaki.

Mfano nitakaoutumia ni mdogo: tangi la lita 500, na juu yake kitalu cha kokoto cha mita moja ya mraba chenye kina cha sentimita 30. Pampu inapandisha maji kutoka tangini hadi kitaluni, maji yanapita kwenye kokoto na mizizi, yanarudi tangini kwa mteremko. Samaki ni perege, kwa sababu anavumilia makosa mengi; hupenda maji ya nyuzi 27 hadi 30, na chini ya 20 hamu ya kula huanza kumwisha. Kambare naye ni mvumilivu, na ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu ya maji pale oksijeni inapopungua, jambo ambalo limeokoa mifumo mingi umeme ulipokatika.

Huo mita ya mraba wa mboga za majani unahitaji chakula cha samaki kiasi gani? James Rakocy, aliyeendesha mfumo wa majaribio kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin kisiwani St. Croix, alifikia gramu 60 hadi 100 kwa siku kwa kila mita ya mraba kwenye mfumo wake wa mboga zinazoelea. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, wa mwaka 2014 kuhusu mifumo midogo unapendekeza gramu 40 hadi 50 kwa mboga za majani, na 50 hadi 80 kwa zile za matunda kama nyanya. Tuchukue 50.

Samaki anayekua, aliyepita utoto, hula asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa siku. Kwa hiyo gramu 50 zinaliwa na samaki wenye jumla ya kilo 2.5 hadi 5. Wakiwa wa nusu kilo kila mmoja, ni samaki watano hadi kumi. Ndiyo, hao tu. Mtu aliyepanga kujaza tangi hushtuka hapa, lakini sijaona namna ya kulizunguka jambo hili.

Sasa fuatilia hizo gramu 50 zinaenda wapi, maana humo ndimo mfumo wote ulimo. Chakula chenye protini asilimia 32 kina gramu 16 za protini, na protini ni naitrojeni kwa asilimia 16 hivi, yaani gramu 2.5 za naitrojeni kila siku. Samaki hujengea mwili sehemu ndogo. Nyingine hutoka kama kinyesi, na sehemu kubwa hutoka kama amonia, tena haitokani na mkojo kama watu wanavyodhani. Inapita moja kwa moja kwenye matamvua, samaki akiwa anapumua. Tukikadiria gramu 1.5 za naitrojeni zinakuwa amonia, ndani ya lita 500 hiyo ni miligramu 3 kwa kila lita, kila siku. Kesho 3 nyingine. Kesho kutwa nyingine.

Amonia hii huwa katika sura mbili zinazobadilishana, moja yenye sumu kali na nyingine isiyo na madhara makubwa, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo. Kwenye maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inakaribia 36. Kwa hiyo kipimo kilekile cha amonia kinaweza kuwa salama kwenye tangi la jirani na mauti kwenye lako. Ukipima amonia bila kupima pH umepima nusu.

Wanaotuokoa ni bakteria, na hao hununui, unawasubiri. Kundi la kwanza, Nitrosomonas na jamaa zake, hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu: huifanya damu ya samaki ishindwe kubeba oksijeni na kuwa ya kahawia. Kundi la pili, hasa Nitrospira, hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mmea huipenda. Wanaishi wamejibandika kwenye kokoto, kuta na mabomba. Tatizo lao ni uvivu wa kuzaana. Bakteria wa kawaida wa tumboni anaweza kujigawa kila baada ya dakika 20 akiwa na chakula cha kutosha, lakini hawa huhitaji karibu siku nzima. Ndiyo maana mfumo mpya hukaa wiki 4 hadi 6 kabla haujawa tayari kwa samaki, na zaidi kama maji ni ya baridi.

Mimi napendelea kuwakuza kabla samaki hawajaja. Unatia amonia safi, isiyo na sabuni wala manukato, mpaka kipimo kifike miligramu 2 hadi 4 kwa lita, unaendesha pampu, unasubiri. Kipimo cha amonia ni kichupa cha kioo: unajaza maji hadi kwenye mstari, unadondosha matone, unatikisa, unaweka kando ya kadi ya rangi. Mwanzoni rangi ni kijani iliyokolea na haibadiliki kwa siku nyingi, mpaka mtu anaanza kudhani kifaa ni kibovu. Halafu siku moja kijani inapauka kuelekea njano, na kichupa cha nitriti kilichokuwa cha buluu safi kinageuka zambarau. Zambarau hiyo huchosha, inaweza kudumu kuliko subira ya mtu yeyote. Inapokatika, hukatika ghafla: jioni zambarau, baada ya siku mbili buluu. Mfumo ukiweza kumaliza amonia na nitriti yote ndani ya saa 24, huku nitrati ikipanda, leta samaki. Kabla ya hapo, hata wauzaji waseme nini, hapana.

Maji ya bomba yenye klorini yatawaua bakteria hao na samaki pia. Klorini ya kawaida hutoka yenyewe maji yakikaa wazi siku moja au mbili huku yakipigwa hewa, lakini kuna mamlaka za maji zinazotumia kloramini, na hiyo haiondoki kwa kukaa. Vitamini C huimaliza. Kokoto nazo zina mtihani wake: dondoshea siki. Zikitoa povu zina chokaa, na zitaipandisha pH yako bila kukuuliza.

Turudi kwenye gramu 50. Kugeuza gramu 1 ya naitrojeni ya amonia kuwa nitrati, bakteria hutumia gramu 4.57 za oksijeni. Kwa gramu zetu 1.5 ni karibu gramu 7 kwa siku. Maji ya nyuzi 28 yaliyoshiba hewa yana oksijeni isiyofika miligramu 8 kwa lita, kwa hiyo tangi zima la lita 500, likiwa limejaa hewa mpaka haliwezi kupokea zaidi, lina gramu 4 tu. Bakteria peke yao wangeimaliza akiba hiyo kabla siku haijaisha, na samaki anahitaji kuliko wao. Tena maji yakipata joto hushika hewa kidogo zaidi, wakati samaki anakula na kupumua kwa kasi zaidi. Usiku wa joto ndio wa hatari.

Kwa hiyo pampu ya hewa si pambo, na napendelea iwe mbali na pampu ya maji, kila moja na waya wake. Pampu ya maji ikisimama, mboga kwenye kokoto zenye unyevu zitangoja. Samaki hawatangoja, kwenye tangi lililojaa ni suala la saa chache. Pampu ndogo ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika ndicho kifaa ambacho ningenunua kabla ya kitu kingine chochote cha kupendeza. Pampu ya maji yenyewe iweze kuzungusha ujazo wa tangi mara moja kwa saa, na usome namba sahihi: lita zilizoandikwa kwenye boksi ni za maji yasiyopandishwa. Kadiri kitalu kinavyokuwa juu ndivyo lita zinavyopungua.

Hesabu inaendelea. Kila gramu 1 ya naitrojeni inayogeuzwa hula pia uwezo wa maji wa kuzuia asidi, sawa na gramu 7 za kabonati ya kalisi. Mmea hurudisha kiasi fulani unapovuta nitrati, lakini kwa jumla mwelekeo ni mmoja: pH inashuka. Miezi ya mwanzo haionekani, kwa kuwa maji mengi yana akiba yao. Akiba ikiisha, kipimo kilichosimama kwenye 7.2 muda wote kinateremka hadi 6 ndani ya siku chache, na bakteria wanaanza kulegea kazi. Wanaofundisha husema weka pH kati ya 6 na 7. Mimi naishikilia karibu na 6.8, mahali ambapo bakteria hawajalalamika sana na mimea haijakosa sana. Hakuna anayefurahi kabisa hapo, ni suluhu tu.

Kinachopendeza ni kwamba dawa ya pH ndiyo mbolea iliyokuwa ikikosekana. Chakula cha samaki kimetengenezwa kwa ajili ya samaki, na samaki hahitaji potasiamu nyingi kama nyanya, wala hahitaji madini ya chuma kama letasi. Nitrati utakuwa nayo tele huku vitu hivyo vikipungua. Kwa hiyo nikipandisha pH natumia bikaboneti ya potasiamu, kidogo kidogo, nikipishana na kabonati ya kalisi. Maganda ya chaza yaliyosagwa ndani ya mfuko wa wavu hufanya kazi hiyo polepole bila kumshtua mtu. Bikaboneti ya sodiamu, ile ya kuumulia, ingepandisha pH pia, lakini sodiamu hujikusanya na mimea haiitaki.

Chuma ndicho kinachojitokeza kwanza. Majani machanga kabisa, yale ya katikati ya letasi, yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, kama ramani ya mito. Umri wa jani ndio wa kutazama. Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu mmea unaweza kuzihamisha kutoka majani ya zamani kwenda machanga, kwa hiyo upungufu wake huanzia majani ya chini. Chuma na kalisi hazihamishiki, kwa hiyo upungufu wake huonekana juu, kwenye chipukizi. Ukilishika hilo umeshapunguza nusu ya kubahatisha. Rakocy aliongeza chuma miligramu 2 kwa lita kila baada ya wiki tatu. Kiwe kile kilichofungwa kwenye kemikali ya kukilinda ili kibaki kimeyeyuka, na aina ya kemikali hiyo ina maana: EDTA huanza kukiachia chuma pH ikizidi 6.3 hivi, DTPA inafika kwenye 7, EDDHA hustahimili hata juu zaidi, ingawa huyafanya maji kuwa mekundu kama juisi. Misumari yenye kutu, ambayo kuna mtu lazima atakushauri uitumbukize tangini, haifanyi kazi: kutu haiyeyuki vya kutosha kwenye pH hiyo.

Sifoni ya kengele, kile kifaa kinachojaza na kumwaga kitalu chenyewe bila umeme, ni cha kuvutia, na nimekaa nikikitazama kikinguruma kama mtoto mbele ya treni. Lakini si lazima. Kisipopata mtiririko wa maji unaolingana nacho kinakwama katikati, kinavuja tu bila kumwaga. Saa ya kuwasha na kuzima pampu ya maji inafanya kazi ileile.

Tahadhari za sumu nazitaja haraka. Mabati ya zinki na mabomba ya shaba yasiguse maji ya samaki. Dawa za wadudu, hata zile za asili zinazouzwa kama salama, nyingi huua samaki, na maji ya sabuni ya kuulia vidukari huharibu matamvua. Kwa viwavi kuna bakteria wa Bt (Bacillus thuringiensis), wanaoua viwavi lakini hawamdhuru samaki. Kwa vidukari, vidole na subira.

Kuhusu kulisha kwenyewe, nina mzani mdogo wa jikoni na kopo lenye kipimo cha siku nzima. Asubuhi napima, nagawa mara mbili au tatu. Samaki wenye hamu hupasua maji kabla chakula hakijatua. Wakibaki chini au vidonge vikiwa bado vinaelea baada ya robo saa, nachota vilivyobaki na kutafuta sababu. Mara nyingi ni baridi, oksijeni, au amonia. Na hapa ndipo kupima chakula kunapolipa, kwa sababu tiba ya kwanza ya karibu kila tatizo ni kuacha kulisha. Amonia imepanda? Acha kulisha. Nitriti? Umeme umekatika? Hivyohivyo. Samaki mzima anaweza kukaa siku kadhaa bila chakula asipate shida, wakati huo mlango umefungwa, bakteria wanamaliza kilichomo, na wewe una nafasi ya kubadilisha sehemu ya maji na kufikiri. Anayeanza hufanya kinyume: anaona samaki wamenyong'onyea, anawahurumia, anawapa zaidi.

Mboga zinafuata mlango huohuo. Mwanzoni vifaranga vinakula gramu chache, na mita ya mraba iliyojaa letasi itabaki ya njano hata ufanye nini. Panda robo ya kitalu, ongeza miche kadiri gramu zinavyoongezeka. Baadaye hali hugeuka: samaki wamefika nusu kilo, unatamani kuwavua wote siku moja. Ukifanya hivyo chakula kinashuka kutoka gramu 50 hadi sifuri, bakteria wengi wanakufa njaa, na vifaranga wapya watakuja kwenye mfumo dhaifu. Vua wawili, watatu. Vifaranga viwekwe kwenye kizimba cha wavu ndani ya tangi lilelile, kwa sababu perege mkubwa humeza mdogo bila aibu. Wakubwa wabaki mpaka jumla ya kinacholiwa irudi kwenye 50, kisha vua wengine.